Mnyama Aliyekonda Hadungwi Sindano

Baba mpendwa,

Tangu tukuzike Chewele sijapata mtu wa kumwambia haya, kwa hiyo nakuandikia wewe mwenyewe.

Unakumbuka maafisa wa mifugo walipokuja kuchanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu? Wewe ndiye uliyesimama mlangoni mwa zizi ukichagua. Wenye afya walipita, waliokonda ukawarudisha nyuma, maana chanjo ingewamaliza. Kazi hiyo uliijua barabara. Ndiyo sababu daktari wa Hola alipotaka kumchanja dada Halima, ulisema anenepe kwanza. Lakini sisi wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hatunenepi kwa urahisi. Nimonia ilimchukua wakati wa yale mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya tisini.

Mwaka uliofuata wewe ukanipeleka mimi hospitali ya Garsen, mifupa ikiniuma, nimekonda kama yeye. Daktari wa pale, mwanamke, alikuwa ameagiza chanjo ya nimonia kutoka Mombasa kwa ajili ya watoto kama sisi.

"Daktari, mnyama konda hapana dunga," ulimwambia. "Wacha mtoto pata nguvu kwanza."

"Mzee, huu ugonjwa umemharibia bandama, hana kinga. Walio dhaifu ndio ninaanza nao. Wewe ukipoteza mmoja, kundi linabaki. Mimi hapa niko na huyu tu."

Wewe ukauliza, "Na dada yake? Kama mimi nilikubali, yeye iko hai leo?"

"Sijui, mzee."

Ukaupandisha mkono wa gauni langu wewe mwenyewe.

Nimeishi, Baba. Nina watoto, na bado naenda kliniki. Lakini Mama ameniambia kwamba hadi mwisho, kila baada ya swala ya alfajiri, ulikuwa ukimwomba Halima msamaha. Nililia kwa huzuni na kwa hasira pia, kwa kuwa ulinificha. Ningekwambia kwamba ulimwonea huruma kwa njia uliyoijua.

Kama Halima angeishi, hata mimi sijui. Najua tu kwamba siku ile ulinibana hadi vidole vyako vikaniuma kuliko sindano. Nikakulilia uniachie, hukuniachia. Nilidhani unanizuia nisikimbie. Sasa nina wangu, ndipo naelewa kwamba ulikuwa umetushika sote wawili, mimi na Halima.

Pumzika, Baba. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Ni mimi,
binti yako uliyebaki naye