Kwetu Hakuna Anayebisha Hodi

Verna uko wapi??

Shoka limetoboa mlango, Verna. SHOKA. Limemkata vidole Brandon, yule polisi mwenzangu mpya aliyetoka Toronto.

Tuliitwa kwa Ferlin, anampiga mkewe tena. Garini nilimwambia Brandon wazi: sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa huku, hatubishi hodi, wewe ingia tu, omba chai. Huku wanaobisha ni watu wa ustawi wa jamii, wanaokuja kuchukua watoto.

Akabisha!! Ngo ngo ngo, kwa ngumi! Ati ndivyo walivyofundishwa chuoni.

Hapo ndipo shoka likapita. Nikazunguka kwa mlango wa nyuma, nikamrukia Ferlin mgongoni, nikampiga rungu mpaka akaachia shoka. Mtoto wa kaka yangu, Verna! Damu inamtoka mdomoni, analia: "Shangazi, mbona mmebisha? Nilidhani wamekuja kumchukua mtoto."

Mbona mmebisha! Na Josie mkewe yuko chini, taya limevunjika, hata kulia hawezi.

Sasa Ferlin yuko selo. Josie na Brandon wanasubiri ndege ya hospitali. Mtoto amelala kifuani pangu, juu ya sare yenye damu ya baba yake na mama yake.

Aliyekuja kumchukua ni mimi.