Kiolezo Mama Kimebadilishwa

Kasulu, Alhamisi, 1999. Ukungu haujaondoka milimani tangu asubuhi, na baridi niliyonayo si ya hewa tu.

Naandika hapa kwenye ukurasa wangu, ambao pengine hausomwi na mtu, kwa sababu nyumbani nimeshindwa kusimulia.

Kazi yangu ni kutengeneza kwa kompyuta kurasa za wakimbizi wanaotafuta ndugu zao. Kila ukurasa unarithi sura yake kutoka kiolezo cha wilaya, nacho kinarithi kutoka kiolezo mama kinachotoka ofisi kuu, Dar. Mama akibadilika, wote walio chini yake wanabadilika. Kurasa zikiwa tayari tunazichapa na kuzibandika kwenye mbao za matangazo kambini.

Mama Kelesia anamtafuta binti yake. Siku alipopigwa picha alinishika mkono. "Mwana wanje, mwanangu, andika jina la mtoto. Ninapolala usipaandike." Waliomuua mumewe wanamtafuta na yeye. Kwa hiyo katika violezo vya wilaya, cha kwetu na cha Kibondo, niliifunika sehemu iitwayo "makazi", isionekane kabisa.

Leo imefika diski ya kiolezo mama kipya. Nimeiingiza, kurasa zikatoka safi. Kisha nikaona, chini ya picha ya Mama Kelesia: kambi, mtaa, nyumba.

Dar wamebadilisha jina la sehemu ile. Sasa inaitwa "mahali".

Kiolezo changu kilikuwa kinafunika kitu ambacho hakipo tena.

Kurasa za Kasulu nimezizuia. Lakini Mama Kelesia anaishi kambi ya upande wa Kibondo, na kule diski ilitangulia. Nikamwita Yohana, mwenzangu wa Kibondo, kwa simu ya upepo.

"Tumeshabandika tangu jana, kaka. Watu wamejaa pale ubaoni."

"Kaubandue wa Mama Kelesia. Sasa hivi."

Nikangoja. Mvua ikaanza kupiga bati. Yohana aliporudi, sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Haupo. Nyingine zote zipo. Wa kwake umechomolewa."

Alikwenda na walinzi hadi nyumbani kwake, wakamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alipowaona wanakuja mbio aliuachia mchi, akatabasamu. "Mmempata mwanangu?"



Wamemhamishia kwa masista. Kwa leo yuko salama.

Kesho naenda Kibondo. Ukurasa lazima urudi ubaoni, maana binti anaweza kupita pale siku yoyote. Na aliyeichomoa ile karatasi naye atapita.

Nitaandikaje ili mmoja tu aelewe?