Ua la Mukai Si la Kampuni

Machakos Mjini,
Alhamisi, baada ya alasiri.

Kwa mdogo wangu Pauline,

Nakusalimu kwanza kwa salamu ya nyumba yangu, assalam aleikum, halafu nakusalimu kwa ya nyumba yako, Bwana asifiwe, usije ukasema tena kwamba dada yako alipoolewa na Rashid alisahau alikobatizwa. Hujambo, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yetu? Baba Levi hajambo? Na huo mkono wako wa kushoto uliokuwa umevimba, umeshuka? Pole sana. Najua ukiumwa huo ni kama umeumwa yote miwili, kwa maana wa kulia wewe huutumia kusalimia watu tu. Sisi huku afya tuko nayo. Rashid anakohoa kidogo na hataki dawa, lakini huyo umemzoea.

Utashangaa mbona nakuandikia barua kama watu wa zamani na simu niko nayo, tena nzuri, mwanangu Ramzi aliniletea. Nimejaribu kukupigia. Simu ikianza kuita, moyo unanipanda, nakata. Nikiwa na hasira mimi hupiga kelele, na nikipiga kelele wewe hukata. Karatasi huwezi kunikatia. Kwa hivyo barua hii inakuja na Najmo, mke wa Mire yule muuza vitambaa, anayekuja huko Syokimau kumwona binti yake. Kuna na kifurushi. Kifurushi usikifungue kwanza. Kaa chini usome.

Nianze na yale ya kunifurahisha, ili usifikiri nimekuwa mtu wa kulia tu. Ramzi wangu sasa ndiye fundi wa kudarizi anayetafutwa Machakos yote, na si mimi ninayesema, ni walimu wakuu wa shule. Sweta ikitaka nembo inaletwa kwetu. Simba wa shule hii, mwenge wa shule ile, Ramzi anaketi kwa kompyuta yake, anachora, anaambia mashine, na mashine inashona mpaka ndevu za simba unaweza kuzihesabu. Mwalimu mmoja kutoka Masii aliangalia akaniuliza kama mtoto alisomea ng'ambo. Nikamwambia alisomea hapa nyuma ya duka, kwa mamake. Mimi niliishia darasa la saba, unajua, lakini huyo kichwa amekitoa mahali, na si kwa Rashid.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoharibika.

Hiyo kazi ya kuchora kwa kompyuta iko na programu yake, na hiyo programu ni ya kampuni moja kubwa. Mafundi wote wanaijua hiyo hiyo. Shule ikikuletea nembo ya zamani, imehifadhiwa kwa namna ambayo ni hiyo programu tu inaweza kuifungua. Ukitaka kuitumia unanunua na ufunguo, kitu kama flashi cha kuchomeka kwa kompyuta, na bei yake ni ya kumfanya mtu akae chini. Ndiyo maana mji mzima ulikuwa unatumia nakala za kuvunjwa, zisizolipiwa, na sisi tulikuwa nayo, sikufichi. Lakini Ramzi mwenyewe ndiye aliyeifuta. Alisema, mama, hatuwezi kulia kwamba watu wanaiga nembo zetu na sisi tumeketi juu ya kitu cha kuiba. Akatafuta programu nyingine, ya bure kwa haki, iliyotengenezwa na watu wanaosema wazi kwamba kila mtu achukue, atumie, hata airekebishe. Alisumbuka nayo sana. Leo inashona kama ile ya kampuni, na mimi nasema inapita.

Kulikuwa na ubishi hapo dukani, ungefikiri ni siasa. Mire alisema kitu chenye mwenyewe kinalipiwa, hata yeye hampi mtu kitambaa bure, na mwenye hana alale. Masila, yule fundi wa suti tunayegawana naye ukuta, akamcheka, akamwambia ati vitambaa vyake vyenye jina la Italia vilifumwa wapi, Italia ya Eastleigh? Mire akamwambia ashone suti zake anyamaze, kwa maana zina bega moja juu kama mtu anayebeba ndoo. Masila naye anasema kampuni kubwa kama hiyo haiwezi kuhisi nakala ya fundi wa Machakos. Ramzi akawaambia wote wawili wamekosea: kuiba si dawa, na kununua si dawa, dawa ni kutowategemea. Nilimwangalia mwanangu nikasikia raha. Sikujua hiyo raha ni ya siku chache.

Unakumbuka ua la mwaitu. Nakuuliza tu kwa kukuuliza, najua huwezi kulisahau. Petali sita, na duara ya manjano katikati, kama alivyokuwa akilishona Mukai mama yetu kwa vitambaa vya viti. Binti akiolewa anampa kitambaa chenye petali tano zimejaa, ya sita ameiacha wazi, na binti anaenda kuijaza mwenyewe kwa mkono wake akishaingia nyumba yake. Mimi yangu niliijaza kwa kijani, Rashid akaniuliza kama uzi ulikuwa umeisha. Basi hilo ua Ramzi alilichora kwa kompyuta nikiwa nimekaa karibu naye, nikimwambia hapa panda, hapa shuka, na petali moja tukaiacha wazi vile vile. Tukaliweka kwa kibao cha duka. Tukalishona kwa vitambaa vya meza, na hoteli mpya ya hapa mjini ikavipenda, ikataka vya vyumba vyote. Niliambia soko zima. Niliwaambia hata wale ambao hawakuuliza.

Halafu siku moja Ramzi akanionyesha kwa simu kwamba picha za ua zimeondolewa kwa ukurasa wetu. Kumeandikwa ati tumevunja hakimiliki. Nikauliza hakimiliki ya nani? Akasema ya ile kampuni ya programu. Nilifikiri anataniwa. Kesho yake akaja kijana anaitwa Kitonga, viatu vya kung'aa, wakala wao wa huku kwetu, tableti kifuani kama mtu wa sensa. Anatabasamu tu. Akasema kampuni iko na maktaba ya michoro ya kuuzia wateja wake, na ndani kuna ua kama hili letu, limesajiliwa. Akasema mwenye kununua programu yao anaruhusiwa kulishona, asiyenunua haruhusiwi. Akatupa mpaka Jumatatu tuliondoe kwa kibao, na akasema, kwa upole huo huo, kwamba tukinunua programu yao jambo lote litaisha vizuri.

Pauline, nilisimama. Nilimwambia hilo ua lilishonwa na mama yangu chini ya taa ya koroboi kabla mama yake Kitonga hajaota meno. Nikamwambia kampuni yake inauza sufuria na sasa inataka ugali wa watu. Akasema anaelewa uchungu wangu, mama, lakini kuna maandishi? Nimesajili? Nikamuuliza kama yeye alimsajili mama yake ndipo akaanza kumwita mama. Masila huko nyuma ya ukuta alicheka mpaka cherehani ikasimama. Mire, na yeye ndiye wa kusema vitu vilipiwe, alikuja kusimama mlangoni akamwambia Kitonga kwamba mwenye mali hapa ni huyu mama, na kama ni kulipa basi wao ndio walipe. Lakini Kitonga hakutingisika. Watu kama hao hawakasiriki, na hiyo ndiyo inanimaliza. Ukipiga kelele wewe ndiye unaonekana mwizi.

Hoteli ikasikia. Meneja akanipigia, ati wakili wao amesema wasubiri. Nilipompitia ofisini aliniongelesha akiangalia mlango. Mimi! Mimi Mama Ramzi, niliyevaa buibui yangu safi, naangaliwa kama niliyetoka kuiba kuku. Na kwa nini? Kwa ua la mama yangu mwenyewe. Wanachukua kitu kwako, wanakifungia kabatini mwao, halafu wanakutuma ukanunue ufunguo wa kabati. Na wakifanya hivyo inaitwa sheria. Fundi wa Machakos akiiga programu yao, huyo ni mwizi. Wao wakiiga kitambaa cha Mukai, ni maktaba. Nimelala na hiyo hasira, nimeamka nayo, nimepika nayo, Rashid amesema hata mchuzi unaisikia.

Jana Kitonga alirudi kuulizia kibao. Ramzi alikuwa amepeleka sweta shuleni. Nikamwambia anionyeshe hilo ua lao, nilione kwa macho yangu, kwa maana tangu aanze kulitaja hajawahi kulifungua. Nilitaka kumwonyesha mahali mwizi alikosea. Akafungua tableti, akalikuza kwa vidole viwili mpaka likajaa kioo.

Ua lao halina petali iliyo wazi, Pauline. Zote sita zimejaa. Tano zimelala kulia, nyuzi zake zinashuka kama mvua inavyosukumwa na upepo, mkono wa mwaitu kabisa. Ya sita ni ya zambarau, na nyuzi zake zimelala kushoto.

Niliishika hiyo tableti nikasahau Kitonga yupo. Unajua ni mtu mmoja tu katika ukoo wetu anayeshona akielekea upande huo. Nilimkumbuka mwalimu aliyekuwa akikuchapa huo mkono shuleni, na mwaitu alivyofunga leso akaenda mpaka darasani akamwambia mbele ya watoto, mkono wa mtoto wangu uache ulivyo, Mungu hakuuliza ruhusa yako. Nimekiona kitambaa chako cha kuolewa kwa kiti chako kila nikija Syokimau. Hakuna kingine kama hicho duniani. Kompyuta yao imeiga mpaka pale ulipokosea mshono mmoja karibu na duara ukakataa kuufumua.

Kitonga aliona siachi kuangalia kioo, akafikiri nimeshindwa. Akaniambia pole, mama. Nikamrudishia kitu chake.

Kwa hivyo sasa unajua kwa nini nilikuwa nakata simu. Levi. Ni Levi, Pauline. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba amepata kazi Nairobi ya kuchora michoro kwa kampuni ya kompyuta, na mimi nilikuwa naringa naye huku sokoni kama aliyetoka tumboni mwangu. Ni nani alimfundisha kuchora kwa kompyuta? Si Ramzi, kila likizo, kwa kiti kimoja, wakila kwa sahani moja? Sijui kama Levi alijua anafanya nini. Labda walimwambia alete michoro ya kwao, akapiga picha kitu kilicho karibu, kiti cha mamake. Sijui kama wewe ulijua. Nimejaribu kufikiri ulijua, nimeshindwa. Nimejaribu kufikiri hukujua, hiyo nayo haikai vizuri, kwa maana ulikuja hapa ukasimama chini ya kibao changu ukasema ua limependeza.

Ramzi hajaambiwa chochote. Rashid pia. Wewe ndiye wa kwanza.

Nakuomba jambo moja, na najua ninachokuomba. Jumatatu Kitonga anakuja na mkubwa wake. Kibao sitakishusha. Nataka uje na kitambaa chako, uketi karibu na mimi, na ushone petali nyingine kama ile yako ya sita mbele yao kwa huo mkono wa kushoto, hata kama umevimba, waone ua lilitoka kwa nani. Kitambaa chako ndicho maandishi yetu. Wakikiona hawana la kusema, lakini watauliza picha ilitoka wapi, na kazi ya Levi inaweza kwenda nayo. Nimeliwaza hilo. Nimelia kwa ajili yake pia, usidhani ni hasira tu. Lakini siwezi kukusaidia kuchagua. Mwaitu alienda shuleni kwa ajili ya mkono wako. Nakuuliza tu kama mkono huo nao utakuja kwa ajili ya mwaitu.

Sasa fungua kifurushi. Ni kitambaa cha mchumba wa Levi, kwa ajili ya harusi ya Desemba. Nilikuwa nakishona tangu Ramadhani, kwa mkono, mashine haijakigusa. Jana usiku nilitaka kukikata kwa mkasi, nikakiweka chini ya godoro nisikione. Asubuhi nikakimalizia. Petali tano zimejaa, moja iko wazi kama kawaida. Usimpe yule msichana. Mpe Levi, umpe na sindano na uzi, aketi kwa kile kiti chako aijaze yeye. Rangi achague mwenyewe. Ikijaa aniletee hapa dukani kwa mkono wake, ampite Kitonga mlangoni, aingie amwambie Ramzi kwa mdomo wake. Nitampikia pilau. Nitamgombeza kwanza, halafu nitampikia.

Msalimie Baba Levi, umwambie sina neno naye. Wasalimie majirani wako wote wa hapo kwa estate, hasa yule mama aliyenipa miche ya sukuma wiki, imeshika vizuri sana, hakuna sukuma kama hiyo hapa mtaani. Rashid anakusalimu, na Ramzi anakusalimu sana, anauliza Levi anakuja lini.

Mimi dada yako wa tumbo moja,
Khadija, ambaye wewe bado unamwita Mbithe.