Kumtembeza Tofi Makaburini

Mirdif, Dubai
Ijumaa, 17 Aprili 2009

Mdogo wangu mpendwa Fanuel,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dadako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mirriam na watoto, na kwamba mvua imewafikia kabla mbegu hazijaharibika ardhini. Goti la Mirriam linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Joto limeanza na hata Mei hatujaingia.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Simu yenu huwekwa sauti kubwa, kila jirani anataka kunisalimia, na kadi huisha kabla sijasema la maana. Hili nataka ulisome peke yako. Nimempa Isaiah wa Mbale akuletee, yule anayelinda ghala kule freezone, eneo la biashara huru la uwanja wa ndege, kwa kuwa anakuja likizo.

Habari yenyewe ni hii. Sir, mume wa madam ninayempikia, amepoteza kazi. Majengo mengi huku yamesimamishwa nusunusu, na wazungu wanafunga mizigo kila wiki. Madam amenipa hadi mwisho wa Mei niamue: niende nao Uingereza nikamtunze baba yake mzee, au anikatie tiketi ya kurudi nyumbani. Nimemwambia nasubiri neno kutoka kwako. Basi soma polepole, maana jibu lako ndilo litakaloamua niende wapi.

Huyo mzee nimekusimulia habari zake. Ni Bwana Ralph, ambaye familia humtembelea kila kiangazi, na mimi hubebwa pamoja na masanduku. Anaishi peke yake na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia, jina lake Tofi. Usicheke. Mbwa wa kule hafungwi mchana akafunguliwa usiku alinde kuku. Ana kitanda, ana daktari, na lazima atembezwe, mvua inyeshe isinyeshe. Nyonga ya mzee ilipoharibika, kazi hiyo ikawa yangu. Mimi binti wa Chavakali nimeshika kamba, navutwa na mbwa!

Tulipita vijiji vingi, Tofi nami, kwa vijia vya katikati ya mashamba. Fanuel, nyumba nyingine kule zimeezekwa nyasi! Sisi tuliuza ng'ombe tupate mabati, kumbe wenzetu matajiri wanawalipa mafundi wawaezekee nyasi upya. Ni vijiji vizuri kama picha za kalenda, ila vimenyamaza. Hakuna mtoto anayelia, hakuna redio kwa jirani, hakuna anayekuita uje uonje uji. Nikikutana na mtu, alimsalimia Tofi kwanza, tena kwa jina, kisha akaniambia mimi habari za mvua, akaenda zake. Miaka mitatu nilipita pale na hakuna aliyeniuliza naitwa nani. Niliumia, sikufichi. Ilifika mahali nikawa namsimulia mbwa mambo yangu kwa Kimaragoli.

Kila kijiji kina kanisa la mawe, na makaburi yamelizunguka. Mara ya kwanza niligoma langoni. Kwetu kaburi ni la mtu wenu, liko karibu na mlango, unalifagia asubuhi ukimaliza ua. Huingii tu kwa wafu wa watu usiowajua, tena na mbwa. Lakini Tofi alizoea kupita hapo na mzee, akanivuta, nikapiga hodi moyoni nikaingia. Mawe yameinama, mengine majina yamefutika kabisa. Kuna mabenchi, na watu huketi hapo wakala mikate yao bila wasiwasi. Polepole nami nikazoea. Nikawa nasoma majina kwa sauti, maana hata majina ya marehemu yalinipunguzia upweke.

Kisha mzee akanifichulia jambo ambalo madam hakulijua. Mkewe alizikwa kwao Uskoti, karibu na wazazi wake, kama alivyotaka mwenyewe. Makaburi ya kijiji cha mzee yalijaa zamani yakafungwa, naye hakutaka kuchomwa wala kuzikwa mjini. Akaniomba, ninapomtembeza Tofi, nimtafutie kanisa la jirani lenye nafasi, pasiwe karibu na barabara, pasituame maji, papate jua la jioni. Mzee mzima, mwenye nyumba na gari, anatafutiwa pa kulala na mpishi wa bintiye! Nilimhurumia sana. Nikirudi nilimweleza nilichokiona, tukabishana kama watu wanaochagua shamba la mahindi. Mwaka jana tukapata, na kasisi wa pale akakubali.

Siku hiyohiyo ndipo hofu iliponishika. Pembeni mwa lile kanisa nilikuta jiwe la mwanamke mmoja. Liliandikwa jina lake, na chini yake kwamba alikuwa mtumishi mwaminifu wa familia fulani. Halikusema alikuwa dada wa nani wala mama wa nani. Nilisimama pale mpaka Tofi akaanza kubweka.

Sasa nikwambie nililokuficha. Mimi si mke wa Zedekiya tena. Ameoa mwingine kule Nakuru, na mwaka juzi watu wake walinieleza wazi kwamba kwao sina mlango. Nilinyamaza kwa aibu. Mliponiuliza hali yake, nilijibu hajambo. Umekuwa ukidhani kuna boma la ndoa litakalonipokea nikiwa hai au nikiwa maiti. Halipo.

Unakumbuka tulivyomzika shangazi Dorka, aliyekuwa ameachana na mumewe. Wazee walisema binti aliyeolewa akarudi hazikwi ndani ya boma, wakampeleka nyuma ya ua, kwenye mabingobingo, yale majani ya kulisha ng'ombe. Ulikuwa mdogo, ukalia kwamba shangazi atanyeshewa peke yake, na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni nikakunyamazisha. Leo wazee wale hawapo, boma ni lako na neno ni lako.

Madam ni mwema, na mzee ananihitaji. Nikienda kule sitalala njaa. Lakini mimi nataka kurudi nyumbani, Fanuel. Nimechoka kuwa mtu wa pembeni. Usiogope, sina ugonjwa wowote, siombi kaburi kwa kuwa nakufa. Naliomba kwa kuwa siwezi kuishi katika boma ambalo siku nikifa litanitoa nje. Usiitishe kikao cha ukoo, kitakuvunja moyo. Amka asubuhi moja, simama karibu na makaburi ya baba na mama, umwonyeshe Mirriam kwa kidole kwamba Peninah atalala hapa. Kisha nipigie uniambie umeshafanya. Ukiona huwezi, niambie hivyohivyo, usinifiche. Nitakwenda Uingereza na sitakulaumu, ingawa nitalia.

Msalimie Mirriam, uwakumbatie watoto kwa niaba yangu, na majirani wote wanaoniulizia waambie nawakumbuka. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Peninah