Dumu Alilolionja Mwandu

We Dorotea! Leo harusini Mwandu kapewa asali, akainusa kwanza kama mbwa!

Si unakumbuka 1998, ghala letu la asali kule Ugalla? Kompyuta mpya ilitunza lebo za madumu kwenye kumbukumbu ya haraka, ile ya muda kabla ya kuhifadhi. Makarani wawili wakaandika kwa mpigo, lebo ya asali ikaangukia dumu lingine.

Wanunuzi wamekaa, Mwandu, mwenyekiti wetu wa ushirika, kasimama na mafua yake. "Kompyuta haikosei!" Akapiga funda.

Mkojo wa ng'ombe, Dorotea! Ule wa kuulia wadudu wa mahindi! Funda zima! Ptuu!

Wanunuzi hao, wakaiacha asali ya msimu mzima. Programu ikarekebishwa: mmoja akiandika mwenzake angoje, dumu na lebo yake viingie pamoja.

Wakarudi. "Mzigo wote tunachukua," wakasema, "ila mwenyekiti aonje kwanza."