Jibu la Aber kwenye Simu ya Safinah

Bukoto, Kampala
Jumapili, 14 Septemba

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mwanao. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba unapaka ile dawa hata siku ambazo haliumi. Mimi mwili ni mzima. Huku mvua imeanza, na wachoma mahindi wamejaa njia nzima ya kwenda kazini.

Uliniuliza kwenye simu mbona Guerschom hakusalimii siku hizi, yule Mkongo niliyekuja naye Krismasi ukampikia mrenda. Nilikujibu kwamba ana kazi nyingi. Haikuwa kweli, na ndiyo maana leo nimekaa kuandika.

Ofisi yetu hutunza programu ya kliniki moja ya Kamwokya. Mgonjwa akishapimwa harudi kupanga foleni. Anaomba majibu kwa simu yake, na kompyuta yetu kubwa, tunayoiita seva, inamjibu. Mwezi wa Juni muuza vitenge mmoja, Safinah, aliomba majibu yake ya malaria akapata ya jirani yake Aber: kipimo cha virusi vya Ukimwi, jina kamili likiwa juu. Safinah hakunyamaza. Kufikia Jumamosi ya wiki ileile mume wa Aber alikuwa amesikia, akafungasha nguo akaondoka.

Mkubwa wetu, Bwana Oryem, alisema mashine haina chuki na Aber, kwa hiyo kuna mtu aliyetoa siri ile kwa makusudi. Wenye ruhusa ya kufungua majibu tulikuwa watatu tu: yeye, Guerschom na mimi.

Tangu siku hiyo nikaanza kumchunguza Guerschom. Nikipita nyuma yake, alikuwa akifunika alichokuwa akisoma. Simu zake alizipokelea kwenye ngazi, akiongea Kinande, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Siku moja aliniambia mchana alikuwa nyumbani kwake Kisugu, na mimi nilikuwa nimemwona Kamwokya kwa macho yangu. Yote hayo niliyaweka moyoni. Nikawa nafunga kompyuta yangu hata nikienda kuchukua chai. Alitambua, akaniuliza kama amenikosea. Nikamwambia hapana.

Bwana Oryem aliponiita peke yangu na kuniuliza namshuku nani, nilimtaja. Guerschom alifukuzwa siku ileile, akaambiwa polisi watamfuata. Mama, wewe unajua polisi ni kitu gani kwa mtu anayeishi kwa karatasi za ukimbizi.

Wiki tatu baadaye ikatokea tena. Mzee mmoja alipata majibu ya mimba ya msichana asiyemjua. Guerschom hakuwa na ruhusa tena, hata angetaka. Nikachukua simu mbili, yangu na ya ofisi, nikaomba majibu ya majaribio kwa zote mbili kwa pamoja. Mara sita yalikuja sawa. Mara ya saba, jibu langu liliingia kwenye simu ya ofisi.

Nikaisoma programu mstari kwa mstari. Seva hupokea maombi mengi kwa mpigo, na kila ombi linapaswa kubeba jina la mwenyewe tangu linapoingia hadi linapojibiwa. Hapo jina lilikuwa limewekwa mahali pamoja panapotumiwa na maombi yote. Ombi la pili likiwahi kufika kabla la kwanza halijajibiwa, jina jipya linafuta la zamani, na jibu la mtu linakwenda kwa mwingine. Safinah na Aber waliomba kwa wakati mmoja, basi.

Sehemu hiyo niliiandika mimi, Mama. Niliiandika kwa haraka mwezi wa Machi, nikaijaribu kwa simu moja tu.

Na bado sijamaliza. Nilirekebisha siku ileile, nikajaribu kwa maombi mia tano ya pamoja, hakuna lililopotea. Kisha nikanyamaza siku kumi na moja. Bwana Oryem alinisifu mbele ya watu wa kliniki nami nikatabasamu. Tena, siku ile nilipomtaja Guerschom, niliongeza kwamba mkimbizi ni rahisi kununuliwa. Maneno hayo hakuna aliyeniomba niyaseme.

Juzi Ijumaa nilimwambia Bwana Oryem yote. Alipiga simu polisi kuondoa malalamiko. Mimi nikaenda Kisugu. Guerschom alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

“Kazi nitapata nyingine,” alisema. “Lakini nilikuuliza kama nimekukosea, na wewe ulikuwa ukijua unachofikiria.”

Alichokuwa akifunika, na alichofuata Kamwokya, sijui mpaka leo. Sikumuuliza. Si haki yangu kujua.

Kesho Bwana Oryem na mimi tunakwenda kwa Aber. Yeye anataka tuseme ni hitilafu ya mashine. Nimemwambia nitasema ni mimi, hata kama nikirudi ofisini nitakuta meza yangu imepewa mtu mwingine. Mumewe sitamrudisha, lakini angalau Aber ajue hakuna aliyemkusudia mabaya, na ajue wa kumkasirikia.

Nisalimie Cleopas na watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi binti yako,
Rosebella Nabangala