Ndizi za Siku ya Kujengewa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku kwetu Maji ya Chai tu wazima, na babu yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Unauliza ufanyeje na yule jirani yako wa huko Mwanza, aliyetolewa kwenye chumba alichopanga akiwa mgonjwa, na sasa anakataa kila unachompelekea.

Mimi nilikuwa mkaidi kumzidi. Mama yako Upendo akiwa mchanga, niliugua kifua, na mvua ikaangusha nyumba yetu tukahamia jikoni. Akina mama wa jumuiya wakasema watakuja na waume zao watujengee. Nikakataa. Kwetu anayejengewa ndiye anayewapikia wajenzi, nami sikuwa na hata ndizi moja.

Asubuhi wakaja hivyo hivyo. Kiongozi wao, Mama Eliya, akapitia nyuma ya migomba na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa, akaviweka jikoni kimya kimya. Nikamenya na kupika nimekaa chini, nikipumzika kila nilipochoka.

Mchana wakala wote. Mama Eliya akaleta bakuli lake aongezewe, akasema kwa sauti, “Mama Upendo, asante. Leo umetushibisha.”

Paa lilikuwa bado halijapanda, Neema, lakini nilikuwa tayari mwenye nyumba.

Bibi yako